Kibaba cha Ramadhani na debe la sokoni

Ikifika wiki ya mwisho ya Ramadhani, masheikh wa Tabora huulizwa maswali yale yale: fitri, ile zaka ya chakula ya mwisho wa mfungo, mwaka huu ni kiasi gani, unga unafaa au haufai, mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia Idi anatolewa au hatolewi. Maswali mazuri, na yote yana majibu. Lakini muulizaji huyo huyo, aliyehangaika pishi yake isije ikapungua hata punje, Idi ikipita anarudi kwenye meza yake ya nafaka na kumpimia mtu kwa debe lililobonyea kitako, wala hasikii kitu. Utadhani kipimo cha msikitini kinaandikwa na malaika na cha sokoni hakiandikwi.

Kipimo ni kimoja. Kibaba na pishi vinapita katika ibada nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, amepokea Anas, na hadithi imo kwa Bukhari na Muslim. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa. Fidya ya mzee asiyeweza kufunga ni kibaba kwa siku. Zaka ya mazao huanzia pishi 300. Na swahaba Bilal alipobadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri, Mtume alimwambia kuwa hiyo ndiyo riba yenyewe. Yatakayofuata hapa ni kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi kuanzia Isevya hadi Ujiji. Pale madhehebu mengine yanapomfaa mtu wa huku, nitasema.

Pishi ni ngapi?

Pishi ni vibaba vinne, na kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima wa umbo la kati, vimeunganishwa, havikukunjwa sana wala kutandazwa. Kwa hiyo pishi ni kuchota mara nne. Ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na hapo ndipo penye chanzo cha takwimu zinazowachanganya watu. Ujazo ule ule ukijazwa maharage una uzito wake, ukijazwa mchele una wake, ukijazwa mpunga wenye maganda unakuwa mwepesi. Waliopima kwa ngano wakapata kilo 2.04 au 2.176, walioongeza kwa tahadhari wakasema 2.5, wengine wakafika 3. Hakuna aliyezusha. Kwa lita, pishi ni kama 2.75, na kuisogeza hadi 3 ni tahadhari nzuri.

Kwa mtu wa Tabora jibu rahisi lipo jikoni kwake. Kisado cha lita 4, kile cha plastiki kinachotumika sokoni, kikijaa mkato kinazidi pishi. Anayetoa kisado kwa kila kichwa amevuka salama bila mizani. Mwenye mizani na apime kilo 2.5 za mchele.

Kibaba cha maji ni karibu robo tatu ya lita, yaani nusu ya chupa ya lita moja na nusu. Wengi hawaamini kuwa udhu unatimia kwa kiasi hicho, kwa sababu wamezoea bomba lililofunguliwa mwanzo hadi mwisho. Unatimia, tena kwa kuosha mara tatu tatu, sharti maji yamiminwe kidogo kidogo na mkono upitishwe juu ya kiungo. Kinachoharibu udhu si uchache wa maji. Ni sehemu iliyorukwa: visigino, ambavyo Mtume alivitolea onyo la moto, viwiko, na ngozi ya katikati ya vidole vya miguu. Au ni kitu kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi: rangi ya kucha, unga wa ugali uliokauka vidoleni, lami, rangi ya mafuta kwa fundi. Mafuta ya mawese mkononi hayabatilishi maadamu maji yanapita juu ya ngozi. Yakiganda yakawa tabaka, yaondolewe kwanza. Mwezi wa Septemba na Oktoba, vijiji vya Uyui na Sikonge maji yanapokuwa ya kutafutwa, kibaba kinawaachia wenyeji maji ya kunywa na ya mifugo bila kupunguza chochote katika swala.

Fitri

Fitri inawajibika jua linapozama siku ya mwisho ya Ramadhani. Saa hiyo ndiyo inayojibu maswali mengi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya magharibi hiyo anatolewa; aliyezaliwa baada yake hatolewi. Aliyefariki baada ya magharibi anatolewa. Mke aliyeolewa asubuhi ya Idi, fitri yake haimhusu mume mpya. Baba hutoa kwa ajili yake na kila Mwislamu ambaye matumizi yake yako juu yake kisheria: mke, watoto wadogo, wazazi wasio na kitu. Mtoto mkubwa mwenye kazi yake anajitolea mwenyewe, na baba akitaka kumtolea lazima apate idhini yake kwanza. Jambo hili husahaulika sana kwa vijana walioko Dar es Salaam au Mwanza. Mzazi anatoa kimya kimya huku, kijana hajui, na yeye hatoi kule.

Ruhusa ya kutoa huanza tangu Ramadhani ilipoanza. Wakati bora ni asubuhi ya Idi kabla ya swala. Kuchelewesha hadi baada ya swala kunachukiza, na kuivusha siku ya Idi bila udhuru ni dhambi, na inabaki deni. Ibn Abbas amepokea kwamba anayeitoa kabla ya swala ni zaka iliyokubaliwa, na anayeitoa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Hivyo gunia lililokusanywa msikitini likakaa stoo mpaka Idi pili "wakipanga orodha ya masikini" limeharibiwa na waliopewa amana, si na waliotoa. Orodha ipangwe kumi la kati la Ramadhani.

Kinachotolewa ni chakula kikuu cha mji. Tabora ni mahindi. Mchele unatosha badala yake kwa wanaouhesabu kuwa chakula cha daraja la juu zaidi. Unga hautoshi kwa Shafi, uwe dona au sembe, kwa sababu punje ikisagwa inapungukiwa na matumizi: haihifadhiki muda mrefu na haipandiki. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanaukubali. Punje zenyewe ziwe nzima. Mahindi yaliyotobolewa na dumuzi hayatoshi hata ukiongeza kiasi, na huku dumuzi anajulikana: Tabora ndiko alikoanza kusumbua nchini, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiyaona mahindi yana unga unga mweupe chini ya gunia, hayo ni chakula cha kuku, usiyapeleke kwa fukara kwa jina la ibada.

Na pesa? Kwa Shafi hazitoshi. Kwa Hanafi zinatosha kwa thamani. Misikiti mingi hutangaza kiwango cha shilingi, na anayefuata hiyo asilaumiwe. Ila hapa nina neno. Thamani inayotangazwa iwe bei ya sokoni ya pishi nzima ya chakula ambacho mtoaji mwenyewe anakula. Mtu anayekula mchele wa Nzega mwaka mzima kisha akatoa thamani ya mahindi ya bei ya chini ameokoa shilingi chache na kupoteza adabu.

Fidya na kafara nitazipita haraka kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kupona: kibaba kimoja kwa kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ni vibaba 30, yaani pishi 7 na nusu, kama kilo 19 za mchele. Mwenye mimba au anayenyonyesha akifungua kwa kumhofia mtoto tu: analipa siku na anatoa kibaba kwa kila siku, akijihofia nafsi yake, analipa siku peke yake. Aliyechelewesha kulipa mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta bila udhuru: analipa, na kibaba kwa kila siku juu yake. Kafara ya aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani ni miezi 2 mfululizo ya kufunga, na asiyeweza kabisa ndiye anayehamia kwenye kulisha masikini 60, kila mmoja kibaba chake. Watu hukimbilia pishi 15 za mchele kwa sababu ni rahisi kuliko siku 60. Mlolongo hauko kwa kuchagua. Kafara ya kiapo ndiyo yenye kuchagua: kulisha masikini 10 au kuwavisha, na asiyeweza ndipo anafunga siku 3.

Fungu la kumi la mavuno

Hapa ndipo penye uzembe mkubwa katika mkoa unaolima kama huu. Mtu anavuna magunia 40 ya mpunga kwenye majaruba ya Igunga, anauza, anaweka pesa, halafu ikifika Ramadhani anatoa asilimia 2.5 ya kilichobaki na kusema ametoa zaka ya shamba. Hajatoa. Zaka ya mazao ni ibada nyingine, ina kiwango chake na siku yake. Qurani inasema haki hiyo itolewe siku ya mavuno (6:141), haingoji mwaka wala haingoji Ramadhani.

Kiwango cha chini ni wasaki 5, na wasaki moja ni pishi 60, kwa hiyo pishi 300. Wanazuoni wengi wa leo huandika kilo 653 za nafaka safi, wakitumia pishi ya kilo 2.176. Mpunga una hukumu yake: kwa kuwa huhifadhiwa na maganda yake, nisabu yake, yaani kiwango chake cha chini, ni wasaki 10 ukiwa na maganda, yaani pishi 600, au kiasi chochote kitakachotoa wasaki 5 za mchele safi kikikobolewa. Chini ya hapo hakuna wajibu. Ikifika, fungu linatolewa kwenye mavuno yote tangu gunia la kwanza, si kwenye ziada tu.

Mazao yaliyonyeshewa na mvua au kulimwa kwenye mbuga inayotuama maji yenyewe: fungu moja la kumi. Yaliyomwagiliwa kwa gharama, iwe pampu ya dizeli au ndoo kichwani: nusu yake, moja ya ishirini. Yaliyopata nusu kwa nusu: robo tatu ya fungu la kumi, asilimia 7.5. Mkulima wetu wa Igunga mwenye magunia 40 ya mvua anatoa magunia 4.

Kilio cha kwanza huwa ni gharama. Trekta nimekodi, mbolea nimenunua, vibarua wa kupalilia nimewalipa, gharama za kupiga mpunga na kupepeta hizi hapa. Nitoe zaka kabla ya kupunguza hizo? Kwa Shafi gharama hazipunguzwi. Kupura na kupepeta ni juu ya mwenye shamba, na fungu la masikini hutoka likiwa safi. Wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoruhusu kuondoa deni lililochukuliwa kwa ajili ya shamba hilo. Anayeifuata rai hiyo aifuate kwa uaminifu: deni la pembejeo, si la bodaboda na ada ya shule.

Mazao ya aina moja hujumlishwa, ya aina mbalimbali hayajumlishwi. Mahindi meupe na ya njano ni kitu kimoja. Mahindi na mtama ni vitu viwili. Mwenye kilo 400 za kila kimoja hana zaka. Shamba la Urambo na shamba la Kaliua ya mtu mmoja, mahindi kwa mahindi, yanajumlishwa yakivunwa ndani ya mwaka mmoja. Aliyekodi shamba ndiye mwenye zaka, si mwenye ardhi. Mahindi yaliyochomwa mabichi kabla punje hazijakomaa hayamo kwenye hesabu. Yakishakomaa shambani, haki ya masikini imeshaingia ndani yake, na kuyauza yote kabla ya kuitoa ni kuuza cha mwenzio.

Yanayohusika kwa Shafi ni vyakula vya nafaka vinavyohifadhika: mahindi, mpunga, mtama, uwele, maharage, kunde, choroko. Maembe ya Tabora, pamoja na sifa yake yote, hayamo. Muhogo wa Kigoma nao haumo katika orodha ya Shafi, ingawa ndio chakula cha watu. Asali haina zaka kwa Shafi. Hanafi na Hanbali wanatoa fungu la kumi, na mrina asali mwenye mizinga mingi Sikonge akichukua rai yao atakuwa amefanya jambo jema. Tumbaku haina zaka ya mazao kwa kuwa si chakula. Kilimo chenyewe wanazuoni wengi wa sasa wanakiharamisha, na naona mimbari nyingi za mkoa huu hulikwepa jambo hilo kwa kuwa linagusa mifuko ya safu ya kwanza.

Ng'ombe: 30 kwa ndama mmoja aliyetimiza mwaka, 40 kwa mtamba aliyetimiza miaka 2, wawe wa kuchungwa kwenye malisho ya bure na wamekaa mwaka mzima. Maksai wa plau hawahesabiwi. Mbuzi na kondoo: 40 kwa mmoja, 121 kwa wawili, 201 kwa watatu, 400 kwa wanne, na baada ya hapo mmoja kwa kila 100.

Duka ni asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa kwa bei ya kuuzia ya siku mwaka unapotimia, pamoja na fedha taslimu na madeni yenye matumaini ya kulipwa, ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu. Rafu, friji na mizani havihesabiwi. Mwaka ni wa mwezi mwandamo, siku 354. Anayefunga hesabu Desemba kila mwaka anaacha siku 11 nyuma, na kwa miaka 33 atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima.

Kuhusu kugawa, sitaficha maoni yangu juu ya ile foleni ya Ijumaa mbele ya maduka, kila ombaomba akipewa sarafu moja. Kama mtoaji amenuia zaka na mpokeaji anastahiki, imehesabika. Lakini zaka ya milioni moja iliyosagwa kuwa sarafu haimtoi mtu yeyote kwenye ufukara. Kwa Shafi hugawiwa makundi yaliyopo kati ya yale 8 ya Surat At-Tawba (9:60), watu watatu kila kundi. Wengine wameruhusu kundi moja. Kwa vyovyote, mpe mjane cherehani, mlipie mdaiwa deni lake. Na rai yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba zaka haihamishwi mji maadamu wapo wanaostahiki: mavuno ya Igunga ni ya mafukara wa Igunga, hata kama tajiri mwenyewe anaishi mjini.

Debe, lumbesa na mizani

Sasa twende sokoni. Surat Al-Mutaffifin inawataja watu ambao wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Soma aya hizo halafu mtazame mnunuzi anayeingia kijijini mwezi wa Juni. Anaenda na magunia yake mwenyewe. Gunia linajazwa hadi mdomo, linashindiliwa, kisha linaongezewa kofia kwa kamba au wavu juu ya mdomo mpaka mahindi yamesimama kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Analipa bei ya gunia moja. Akifika mjini anayamwaga, anayapima kilo kwa kilo kwenye mizani, na gramu haipotei. Kununua kwa lumbesa na kuuza kwa mizani ndiko hasa kulikoelezwa na aya ile, pande zake zote mbili. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, nayo inataka mazao yapimwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100, kwa hiyo hapa dini na serikali hazigombani.

Utetezi maarufu ni kwamba mkulima karidhia. Ridhaa gani, ya mtu mwenye ada ya mtoto kesho na mnunuzi mmoja tu mlangoni? Nabii Shuaybu aliwaambia watu wa Madyan watimize kipimo na mizani na wasiwapunguzie watu vitu vyao (7:85). Bei ya chini mnaweza kukubaliana. Kipimo cha uongo hakikubaliwi kwa maelewano, kwa sababu aliyekubali hajui amekubali kiasi gani. Anayetaka halali aje na mizani, atangaze bei ya kilo, na akitaka kupunguza bei aipunguze hapo waziwazi.

Kumfuata mkulima mlangoni kwake kuna hukumu yake pia. Mtume alikataza kuupokea msafara nje ya mji kabla haujafika sokoni na kujua bei, na akampa muuzaji haki ya kuvunja mauzo akifika sokoni akakuta amepunjwa. Kununua kwa mkulima shambani si kosa kwa mwenye kumwambia bei ya mjini ilivyo leo. Simu zipo. Anayemficha bei anaingia kwenye katazo lile.

Debe zima la bati lina lita 20. Linavyoharibiwa kunajulikana: kitako hugongwa kwa ndani kikaingia, ubavu hubonyezwa, au chini hupakwa tabaka la sementi. Hilo ni debe la kuuzia. La kununulia hugongwa kinyume, likatanuka. Kigoma kwenye mawese, dumu la mnunuzi lililopashwa moto likafura humeza zaidi ya lita 20. Na kwenye mwalo wa Kibirizi, dagaa walioanikwa mchangani wakauzwa bila kupepetwa huongeza uzito wa mchanga kwa bei ya samaki. Kupima nako kuna mikono. Nafaka ikimwagwa kwa kasi na debe likitikiswa hushuka na kushikana. Ikimwagwa taratibu hukaa na hewa. Muuzaji hatikisi, mnunuzi anatikisa mara tatu. Yafaa kukubaliana mapema, na kupitisha ubao juu ya mdomo. Mizani ya kuning'iniza isomwe sifuri kabla ya kitu kuwekwa, na bakuli la mizani litolewe uzito wake.

Kujua debe lako limepungua kiasi gani, chukua chupa ya lita 1 na ulijaze maji. Likimwagika kwenye chupa ya 19, umeshajua.

Kisha ubora. Mtume alipita kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akasema mvua imeyanyeshea. Akamwambia kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone, na kwamba anayeghushi si miongoni mwake. Hadithi imo kwa Muslim. Mchele mzuri juu na chenga chini, mchele wa zamani uliopakwa mafuta ung'ae, mahindi yaliyonyunyiziwa maji yaongeze uzito: yote yanaingia kwenye rundo lile lile. Mahindi yenye maji tena huota ukungu guniani, na mlaji anaumwa. Kuuza chenga si dhambi. Weka chenga peke yake, iandike chenga.

Majira ya masika, ghala zikiisha, ndipo riba inapoingia bila kujitambulisha. Gunia moja la Januari linalipwa kwa mawili ya Juni. Hiyo ni riba hata kama wote wawili ni jirani na wanaitana ndugu. Kubadilishana debe la mahindi ya zamani kwa debe na nusu la mapya nako ni kwenye hukumu ya tende za Bilal. Tiba aliyopewa ni kuuza ulichonacho kwa pesa, kisha kununua unachokitaka. Na kuuza mahindi ya shamba fulani yakiwa bado hayajakomaa kumekatazwa, kwani mvua ikikata mapema mnunuzi amelipa bure.

Mlango halali upo, nao ni salamu, yaani mkataba wa kulipia mazao sasa na kukabidhiwa baadaye. Fedha zote hulipwa papo hapo kwenye kikao. Nusu sasa nusu baadaye huharibu mkataba. Aina na ubora hutajwa, kiasi hutajwa kwa kilo, tarehe ya kukabidhi na mahali hutajwa. Wala hairuhusiwi kusema "kutoka shamba hili"; mkulima anadaiwa kilo 500 za mahindi makavu popote atakapozipata. Mazao yakikosekana sokoni, mnunuzi anasubiri au anarudishiwa fedha zile zile bila nyongeza. Bei ya salamu huwa chini ya bei ya mavuno na hilo linaruhusiwa, ingawa anayeishusha hadi theluthi kwa sababu mwenziwe ana njaa ajue kuwa uhalali wa mkataba haumfanyi kuwa mtu mwema.

Aliyekwisha kupunja na anataka kutubu ana kazi moja zaidi ya kujuta na kuacha: kurudisha. Hesabu yake inawezekana. Debe lililopungua nusu lita, likitumika kuuzia magunia 40 ya madebe 6, limepima mara 240, na nusu lita 240 ni lita 120, yaani madebe 6 kamili. Mteja anayejulikana anarudishiwa chake, kwa mahindi au kwa thamani, na si lazima umweleze kisa kizima ukihofia ugomvi. Ukimwongezea kwenye manunuzi yake kwa nia ya kulipa, deni limeshuka. Akiwa amefariki, ni haki ya warithi wake. Asiyejulikana kabisa, sehemu yake hutolewa kwa mafukara kwa niaba yake, na akitokea baadaye akaidai, analipwa. Madebe hayo 6 hayahesabiwi kwenye zaka ya duka, kwani hayakuwa mali ya mwenye duka.